Kuwajibika na kuwajibishwa: tofauti yake baada ya watu kufia uwanjani

Katika siasa za Tanzania, ukisikia "waziri awajibike" unajua kinachodaiwa ni barua ya kujiuzulu. Mfano unaorudiwa miaka yote ni wa Ali Hassan Mwinyi, aliyeachia Wizara ya Mambo ya Ndani miaka ya 1970 baada ya watuhumiwa kufia mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga na Mwanza. Yeye hakumgusa mtu. Aliondoka kwa sababu wizara ilikuwa yake. Huko ndiko kuwajibika: mwenye dhamana anajitwisha mzigo mwenyewe.

Badili viambishi vya mwisho tu, iwe kuwajibishwa, na habari inageuka. Sasa yupo mtu wa nje anayemtwisha, atake asitake. Neno hili ndilo linalohitajika mechi inapoacha maiti, kwa sababu wanaojitwisha kwa hiari ni wachache mno. Ukitaka kuona kazi ilivyo, tazama Hillsborough.

Hillsborough ni uwanja ulioko Sheffield, Uingereza. Tarehe 15 Aprili 1989 Liverpool na Nottingham Forest walikutana hapo kwa nusu fainali ya Kombe la FA. Mashabiki wa Liverpool walisongamana nje, upande wa Leppings Lane, penye milango michache ya tiketi. Mkuu wa polisi siku hiyo, David Duckenfield, akaamuru geti kubwa lifunguliwe. Lakini hakuna aliyeziba njia iliyokwenda kwenye vizimba vya katikati vya jukwaa, ambavyo vilikuwa vimeshafurika. Watu wakaifuata njia iliyokuwa mbele yao, na mwisho wake kulikuwa na uzio wa chuma. Refa alisimamisha mchezo saa tisa na dakika sita alasiri. Waliopoteza maisha wanahesabiwa 97. Wa mwisho alifariki 2021 kutokana na madhara aliyoyapata siku ile.

Redio na magazeti yetu huliita tukio la namna hii "mkanyagano". Mimi neno hilo silipendi. Wakishakanyagana, wamekanyagana wenyewe, na lawama imeshapata pa kukaa. Wengi wa Hillsborough walikufa kwa kubanwa: walikuwa wamesimama wima, kifua kikashindwa kutanuka, pumzi ikakatika.

Lawama kweli ilienda kwa umati, tena upesi. Watu wakiwa bado wanakata roho uwanjani, Duckenfield aliwaambia viongozi wa chama cha soka kwamba mashabiki ndio waliolivunja geti. Ulikuwa uongo. Siku nne baadaye gazeti la The Sun likaandika kwenye ukurasa wa mbele kwamba mashabiki waliwaibia majeruhi na kuwakojolea polisi. Hadi leo wako watu wengi Liverpool wasioligusa gazeti hilo.

Ukweli haukuchelewa kama wengi wanavyodhani. Agosti 1989, miezi minne tu baadaye, Jaji Taylor, aliyeongoza tume ya kuchunguza maafa hayo, aliandika kwamba chanzo kikuu kilikuwa polisi kushindwa kuudhibiti umati. Hata hivyo, uchunguzi rasmi wa vifo uliofungwa 1991 ulitamka: ajali. Ikiwa ni ajali, hakuna aliyekosea. Familia zikaanza kupigania neno hilo moja libadilishwe.

Mwaka 2012 jopo huru lililopitia nyaraka lilibaini kuwa taarifa 164 za polisi zilihaririwa, na katika 116 yaliondolewa maneno yaliyolikosoa jeshi lao. Uamuzi wa ajali ukafutwa. Aprili 2016 jopo la wananchi waliosikiliza uchunguzi mpya wakasema marehemu waliuawa kinyume cha sheria, na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa. Ilikuwa imepita miaka 27.

Je, hapo wahusika walikuwa wamewajibishwa? Nusu tu, kwa maoni yangu. Kosa lilipata jina lake sahihi, na marehemu wakasafishwa. Adhabu ndiyo iliyokwama. Duckenfield alishtakiwa kwa kuua kwa uzembe uliokithiri, akaachiwa huru Novemba 2019. Aliyetiwa hatiani ni katibu wa zamani wa klabu yenye uwanja, Graham Mackrell, kwa uzembe wa mpangilio wa milango ya kuingilia. Faini yake: pauni 6,500. Kesi ya waliodaiwa kuhariri taarifa ilivunjika 2021 kwa hoja inayokera ukiisoma: taarifa zile ziliandikwa kwa ajili ya tume ya Taylor, na tume si mahakama, hivyo kuzibadilisha hakukuhesabika kuwa ni kuvuruga mkondo wa haki.

Ghana nako, zaidi ya watu 120 walikufa Accra tarehe 9 Mei 2001 baada ya polisi kurusha mabomu ya machozi jukwaani. Tume iliwanyooshea polisi kidole. Maofisa sita wakashtakiwa, na mahakama ikawaachia.

Ndiyo maana familia za Hillsborough ziliacha kudai watu wafungwe tu, zikadai sheria: mtumishi wa umma akiulizwa na tume yoyote, alazimike kusema kweli, na akificha liwe kosa la jinai. Muswada wake ulifikishwa bungeni London Septemba 2025.