Selimundu Haitoki kwa Mama Peke Yake
Mombasa bado husikika kwamba mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ameletewa maradhi na ukoo wa mama, na lawama zote humwangukia mama huyo, jambo linaloumiza kwa kuwa si kweli. Mtoto huugua anaporithi jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na kutoka kwa mama pia. Wazazi wenye jeni moja moja yenye kasoro kwa kawaida huwa wazima, lakini kila mimba yao ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuzaa mtoto mwenye selimundu.

Utafiti wa Stuart Orkin wa Marekani na wenzake ulionyesha kuwa jeni ya BCL11A huzima aina ya himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ambayo mtoto huwa nayo akiwa tumboni. Tiba iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 huihariri jeni hiyo katika seli za uboho wa mgonjwa mwenyewe, ili himoglobini hiyo itengenezwe tena. Mayai na mbegu za uzazi haviguswi, hivyo aliyetibiwa, mume au mke, huendelea kuwarithisha wanawe jeni yenye kasoro ya selimundu.