Je, wajua? Nyota ya kukaimu si lazima iongeze mshahara

Kila chuo cha kijeshi cha Monduli kinapotoa maofisa wapya, vijiwe vya kahawa Arusha hujaa wataalamu wa vyeo. Swali moja halikosi: mwanajeshi akikaimu cheo cha juu, na mshahara unapanda? Jibu la kijiweni ni ndiyo, kavaa kalipwa.

Sivyo, au tuseme si lazima. Majeshi mengi huruhusu mtu mmoja awe na vyeo viwili kwa wakati mmoja. Kimoja ni cha kudumu, kile kilichomo kwenye jalada lake. Kingine ni cha muda, amepewa ili kazi iende. Saluti hufuata kile kinachoonekana begani. Mshahara, mara nyingi, hufuata jalada.

Chukua deiwaka wa Hiace ya Moshi kwenda Marangu. Dereva wa siku zote anaumwa, yeye kashika usukani. Abiria wanamwita dereva, trafiki akisimamisha gari leseni inayokaguliwa ni yake, na kosa likitokea ni lake pia. Mamlaka anayo yote. Lakini mwenye mkataba na tajiri ni yule aliyelala nyumbani. Deiwaka atapata nini? Wapo wanaogawana sawa, wapo wanaoambulia hela ya kula. Inategemea walivyoelewana asubuhi. Mwenzake akipona, anashuka, na hakuna atakayesema kafukuzwa kazi.

Jeshini, maelewano ya asubuhi ndiyo kanuni, nazo hutofautiana nchi na nchi. Kanada, anayekaimu hulipwa kwa cheo anachokaimu. Uingereza ilikuwa na ngazi ndani ya ngazi: kaimu, wa muda, hata cheo kinachotambuliwa eneo moja tu, na kwa kawaida hicho hakikuongeza senti. Mpaka mwaka 1961, koplo usu wa huko, yaani ngazi ya chini tu ya koplo, hakuhesabiwa kuwa na cheo kamili. Mkuu wake alimpa utepe, na mkuu huyohuyo aliweza kuuvua. Wengi walianza kuuvaa bila malipo ya ziada.

Kwa nini ubahili huu? Ikama. Idadi ya makanali na majenerali hupangwa pamoja na bajeti, ila vita haisubiri bajeti: maofisa wanakufa, vikosi vinaongezeka, pengo lazima lizibwe leo. Amani ikirudi, serikali haitaki kubaki na msururu wa majenerali wa kulipa pensheni.

Mji wa Moshi wenyewe ulitekwa na mkuu wa namna hiyo. Februari 1916 Jan Smuts, mwanasheria na waziri wa Afrika Kusini, alipewa na Waingereza cheo cha muda cha luteni jenerali. Mwezi uliofuata majeshi yake yaliingia Moshi.

Kali zaidi ni ya George Custer wa Marekani. Alimaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe akiwa meja jenerali, vyeo vya muda vikafutwa, akajikuta kapteni. Alipouawa mwaka 1876 alikuwa luteni kanali, ingawa watu waliendelea kumwita jenerali.

Marekani imerudisha vyeo vya muda vya maofisa kupitia sheria yake ya ulinzi ya mwaka wa fedha 2019. Safari hii, anayevaa analipwa.