Friji ya kufyonza: kwa nini friji ya karavani hulegea jua likiwaka

Ukifungua friji ya karavani, ile nyumba ya safari inayovutwa na gari, saa tisa alasiri, jua likiwa kali, ukakuta maziwa yana uvuguvugu, jambo la kwanza unalofanya ni kuongeza namba ya baridi. Namba ikifika mwisho na maziwa bado vuguvugu, unaamua kwamba friji imekufa. Mara nyingi haijafa. Inafanya kazi kwa kanuni ambayo si ile ya friji ya nyumbani, na asiyeijua kanuni hiyo huishia kupigana na kitufe kisicho na hatia.

Friji ya kufyonza ni friji isiyo na kompresa. Ile ya nyumbani ina mota inayosukuma gesi kwenye mabomba, na ndiyo unayoisikia ikiunguruma usiku. Hii haina mota, na katika mabomba yake hakuna hata chombo kimoja kinachozunguka. Inaendeshwa na moto: mwali mdogo wa gesi, au hita ya umeme inayoshika nafasi ya mwali huo. Ndiyo, unawasha moto ili upate baridi. Walioibuni ni Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922, wakiwa bado wanafunzi wa uhandisi Stockholm, na kampuni ya Electrolux ikaununua ubunifu wao mwaka 1925. Friji nyingi za gesi zilizomo kwenye karavani leo bado zinafuata kanuni hiyo hiyo.

Ndani ya mabomba yake ya chuma, yaliyozibwa kabisa kwa kulehemu, mna maji, amonia na haidrojeni. Chini kwa nyuma kuna kichemshio. Moto unapasha mchanganyiko wa maji na amonia, na kwa kuwa amonia hupata mvuke upesi kuliko maji, inatangulia kupanda hadi juu kwenye kondensa, yaani mabomba yenye mapezi ya chuma. Hapo inapoa na kurudi kuwa kimiminika, kisha inatiririka kuelekea friza. Huko inakutana na haidrojeni, na haidrojeni ndiyo inayofanya amonia igeuke mvuke tena hata mahali palipo baridi sana. Ili kugeuka mvuke inahitaji joto, na joto la karibu ni lile la chakula chako. Ikishalibeba, inashuka chini inakokutana na maji, na maji yanaifyonza. Jina la friji limetoka hapo. Mchanganyiko unarudi kwenye kichemshio na safari inaanza upya.

Kwa hiyo friji hii haitengenezi baridi. Inahamisha joto, ikilitoa kwenye sanduku la chakula na kulikabidhi kwa hewa iliyo nyuma yake. Tena inalikabidhi mahali pawili: kwenye kondensa juu, na kule chini kwenye kufyonza, maana maji yakifyonza amonia nayo hupata joto. Ongeza joto la moto wenyewe. Yote hayo yanategemea hewa inayoingia kwenye tundu la chini la ukuta wa karavani, inapanda ikipita kwenye mabomba, na kutokea tundu la juu au la paani. Ni dohani, basi. Hewa ya nje ikiwa ya nyuzi 20, kondensa inapumua vizuri. Ikifika 38, tofauti kati ya bomba na hewa imekuwa ndogo, amonia haipoi vya kutosha kuwa kimiminika, na kile kidogo kinachofika friza hakitoshi kazi. Watengenezaji wanalijua hilo. Tafuta kibandiko ndani ya friji uone herufi: N imetengenezwa kwa mazingira yasiyozidi nyuzi 32, ST hadi 38, T hadi 43. Na kumbuka kwamba ukuta wa karavani uliopigwa na jua unaweza kuifanya hewa ya nyuma ya friji iwe na joto kuliko hali ya hewa inayotangazwa redioni.

Ndiyo maana mimi nikiulizwa kuhusu friji inayolegea, siulizi namba ya kitufe. Nauliza: nyuma kukoje?

Fungua wavu wa chini uchungulie. Utakuta vumbi, majani, pengine kiota cha nyigu. Safisha. Halafu tazama nafasi iliyopo kati ya mapezi ya kondensa na ukuta. Hewa ni mvivu, hufuata njia isiyo na kizuizi. Nafasi ikiwa pana, itapita mbali na mapezi na kutoka ikiwa haijabeba kitu. Kipande cha bati jembamba kinachoisukuma hewa iguse mapezi kinaweza kufanya kazi kubwa kuliko feni. Feni nazo zina nafasi yake: feni ndogo za volti 12, kama zile za kupoozea kompyuta, zikifungwa chini ya kondensa zikipuliza juu, au karibu na tundu la juu zikitoa hewa nje. Elekeza upepo wake uende kule hewa ya moto inakotaka kwenda yenyewe, na usiupeleke karibu na mwali wa gesi.

Kuna kipimo kisicho na gharama. Friji ikiwa imewaka kwa saa kadhaa, weka kiganja mbele ya tundu la juu. Ukihisi pumzi ya moto inayotoka kwa nguvu, joto linatoka, na tatizo ni kwamba mzigo umezidi au mlango hauzibi. Ukihisi hewa iliyosimama wakati kule chini ni moto, njia imezibwa. Ukikuta kila mahali pamepoa, rudi kwenye chanzo: moto wenyewe haupo au ni dhaifu.

Mwali mzuri ni wa buluu na umetulia. Ukiwa wa njano unaorukaruka, kuna masizi, au buibui kajenga ndani ya kichomeo. Buibui wanapapenda mno mahali pale. Kusafisha kichomeo na dohani ni kazi ya fundi wa gesi kama hujawahi kuifanya. Kwa wanaotumia umeme, waya mrefu na mwembamba wa kambini ni adui wa kimyakimya: volti zikishuka kwa asilimia 10, joto la hita hupungua kwa karibu asilimia 19. Taa zitawaka kama kawaida, lakini kichemshio kitakuwa na njaa. Umeme wa volti 12 wa betri ndio dhaifu kuliko yote. Kwenye friji nyingi za aina hii unatosha tu kulinda baridi iliyokwisha kupatikana. Siku ya joto kali, umeme wa kambi ukiwa wa kusuasua, gesi huwa afadhali. Kabla ya kuingia kituo cha mafuta, zima.

Jambo jingine linalowashangaza wengi ni pima maji, yaani karavani isimame sawa bila kuinama. Kwa kuwa hakuna mota, vimiminika ndani ya mabomba vinateremka kwa uzito wake tu. Karavani ikiegeshwa imeinama kwa saa nyingi, kimiminika kinakwama kwenye kona, kichemshio kinakauka na kupata joto kupita kiasi, na dawa ya kuzuia kutu iliyomo ndani inaganda na kuziba bomba. Uharibifu huo hautengenezeki kwa kubadilisha kifaa kidogo. Friji za zamani ndizo zisizovumilia kabisa. Ukiwa barabarani mtikisiko unavisogeza vimiminika, kwa hiyo mwinamo wa kupita hauna neno. Ukiona alama za njano kwenye mabomba ya nyuma au ukasikia harufu kali ya amonia, zima friji, fungua madirisha, toka nje. Mabomba yamevuja.

Kuegesha ni dawa ya bure. Geuza karavani ili ukuta wenye friji usitazame magharibi, au tandaza turubai upande huo, likae mbali na matundu ya hewa.

Ndani ya friji, kumbuka kwamba mashine hii ni ya polepole. Iwashe jana yake, si asubuhi ya safari, na uingize vitu vilivyokwisha kupoa. Chupa kumi za maji ya uvuguvugu zikiingia mchana zitaifanya ihangaike hadi usiku. Acha nafasi kati ya vitu, usiyafunike mapezi ya alumini yaliyo ndani, yeyusha barafu ikianza kuyavika koti. Kwa raba ya mlango, bana karatasi mlangoni kisha uivute. Ikitoka bila kusumbua, hewa ya moto inaingia hapo mchana kutwa.

Kipimajoto kikae ndani ya glasi ya maji, rafu ya katikati, kwa sababu maji hayayumbi kila mlango ukifunguliwa. Unatafuta nyuzi 4 au chini yake. Nyama na maziwa vikikaa juu ya 5 kwa zaidi ya saa mbili, usivionje ili kujua kama ni vizima. Na ukishafunga feni au kusafisha kichomeo, usisome matokeo baada ya nusu saa. Lala. Soma kipimajoto alfajiri, kabla mtu yeyote hajafungua mlango kutafuta maziwa ya chai, kisha usome tena saa tisa alasiri.