Kampuni ya samaki hailipi: siku 21 na yanayofuata

Anayepeleka sangara kiwandani kwa mali kauli (mzigo kwanza, malipo baadaye) akazungushwa miezi kadhaa hufika kwa wakili akiwa ameshaamua: kampuni ifilisiwe, yaani ifungwe na mali zake zigawiwe wanaoidai. Nianze na asilopenda kusikia. Kufilisi si njia ya kukusanya deni lako peke yako. Ombi likikubaliwa, unapanga foleni na TRA (mamlaka ya mapato), wafanyakazi na muuza barafu, huku benki yenye rehani ikiwa imeshatangulia. Linafaa pale kampuni inapouza mashine kimyakimya au kumlipa mdai mmoja na kuwaruka wengine.

Ombi hupelekwa Mahakama Kuu, na lazima uonyeshe kwamba kampuni imeshindwa kulipa madeni. Sheria ya Makampuni ya Tanzania ya mwaka 2002, Sura ya 212, inatoa njia kadhaa. Inayotumika sana ni notisi ya madai: unaiandika, unaisaini, unaiacha kwenye ofisi iliyosajiliwa ya kampuni, kisha unasubiri siku 21. Ukiiacha tarehe 3 Machi, anza kuhesabu tarehe 4. Siku ya mwisho ni tarehe 24, na ombi lisiingie kabla ya tarehe 25. Notisi itaje kiasi, tarehe za kupeleka mzigo na kilo zilizosomwa kwenye mizani.

Hapo kwenye "ofisi iliyosajiliwa" ndipo wengi huanguka. Kiwanda kiko Mwanza, lakini kwenye kumbukumbu za BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, anuani ni ghorofa fulani Dar es Salaam. Notisi aliyopewa mlinzi wa geti la kiwanda haianzishi zile siku 21. Tafuta taarifa za kampuni BRELA kwanza, uache notisi huko huko, upate muhuri wa mapokezi. Wakikataa kupokea, aliyeipeleka aape kiapo.

La pili ni jina. Kampuni moja hununua samaki, kampuni dada ya bosi yule yule humiliki jengo na mashine. Soma stakabadhi za mizani: jina lililo pale ndilo mdaiwa wako, hata kama bosi ni yule yule.

La tatu ni ubishi wa kweli. Kama kampuni ilikujibu kwa maandishi kwamba kilo 900 zilikataliwa kwa kuharibika, mahakama haitageuza ombi la ufilisi kuwa kesi ya mizani. Fungua kesi ya madai ya kawaida, isipokuwa kama sehemu isiyobishaniwa inatosha kusimama peke yake.

Mahakama ikitoa amri, ufilisi huhesabiwa kuwa ulianza siku ombi lilipowasilishwa. Kwa hiyo injini uliyokabidhiwa "tumalizane" wiki moja baada ya ombi inaweza kudaiwa irudi, maana utoaji wa mali kati ya ombi na amri ni batili mpaka mahakama iseme vingine. Na kwa kuwa sangara kwenye chumba cha ubaridi hawasubiri tarehe ya kesi, omba mapema mfilisi wa muda, yaani mtu wa kushika mali za kampuni wakati ombi linasubiri, angalau umeme uendelee kulipwa.

Baada ya amri, kesi nyingine dhidi ya kampuni husimama hadi mahakama iruhusu. Benki yenye rehani hujilipa kutoka kwenye dhamana yake, mradi rehani ilisajiliwa BRELA ndani ya siku 42. Isiposajiliwa, haina nguvu dhidi ya mfilisi. (Hili kalichunguze mwenyewe, usingoje kuambiwa.) Kisha gharama za ufilisi, mishahara na kodi zenye kipaumbele, halafu ninyi wadai msio na dhamana. Wenye hisa huwa wa mwisho.

Biashara ya ziwani ina fundo lake: kiwanda humkopesha mvuvi nyavu na injini, naye hulipa kwa samaki, hivyo siku ya ufilisi yeye ni mdai na mdaiwa. Madeni hayo hukatwa kwanza. Anayedai milioni 18 za samaki na kudaiwa milioni 11 za nyavu huwasilisha kwa mfilisi milioni 7 tu, na zile 11 ni kama amelipwa shilingi kwa shilingi. Ila kama nyavu zilitolewa kwa jina la ile kampuni dada, hakuna kukata: atalipa milioni 11 zote kule, na kwa milioni zake 18 atasubiri kitakachobaki huku.