Tiba ya maigizo na hedhi: mwili kwanza, visa baadaye

Mwambie binti wa sekondari hapa Moshi aoneshe mfuko wa uzazi ulipo. Mara nyingi atashika kitovu. Uko chini zaidi, nyuma ya kibofu, karibu na mfupa wa kinena, na ukubwa wake ni kama ngumi. Asipojua unapokaa, kila maumivu ya siku zake ataita "tumbo" tu. Tiba ya maigizo, yaani kuponya machungu ya moyoni kwa kuigiza, inaanzia hapo, kwenye kiungo chenyewe.

Kikundi kiwe cha watu 8 hadi 10, kwa dakika 90, mlango umefungwa. Watazamaji hawaruhusiwi, hata mwalimu mlezi. Kwanza mnapasha mwili: kutembea peku, kuvuta pumzi, kutikisa mabega. Kisha watu 6 wanashika pindo za kanga kwa duara. Huo ndio mfuko wa uzazi. Wengine wanarundika mitandio ndani yake, ukuta laini unaojijenga upya kila baada ya hedhi. Yai lisiporutubishwa, takriban siku 14 tangu litoke, homoni zinashuka. Kanga inaminywa, mitandio inadondoka. Kuminya huko kunachochewa na kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini, na ndiko kunakouma. Wakicheka hapa, waacheni wacheke.

Kosa tunaloliona sana ni kumtaka msichana aigize siku sketi yake ilipochafuka darasani. Anaaibika mara ya pili. Mpeni uhusika wa sketi, au wa dawati: sketi husema ambayo mwenye sketi hathubutu. Kufumba macho na kulala chini kuwe kwa hiari. Palipo na aliyekeketwa au kubakwa, asiongoze mtu asiyesomea tiba hii.

Dakika 15 za mwisho ni za kuvua uhusika. Kila mmoja anakung'uta mikono, anasaidia kukunja kanga, anasema, "Mimi si sketi tena, mimi ni fulani," kwa jina lake. Ndicho kipande kinachokatwa kwanza, maana jioni imeingia na wa Kiboriloni wanawaza daladala. Kikikatwa, binti anaweza kwenda nyumbani na aibu ya sketi kifuani. Bora mpunguze igizo.

Pedi inayolowa kila saa moja au mbili, hedhi inayopita siku 7, au maumivu yanayomkosesha shule kila mwezi: huyo apelekwe hospitali kwanza, ukumbini atakuja akipona.