Je, wajua kwa nini Toyota ilimpa mfanyakazi kamba ya kusimamisha kiwanda?

Katika viwanda vya Toyota, kando ya mstari wa kuunganisha magari, ilitundikwa kamba. Mfanyakazi akiona kasoro, hata ya skrubu moja, anaivuta. Taa inawaka, kiongozi wa kikundi anafika, na tatizo lisipotatuliwa upesi mstari unasimama. Kwa aliyezoea viwanda vya kawaida, huo ni wazimu.

Ukawaida wenyewe ulianza kwa Henry Ford. Mwaka 1913, kiwandani Highland Park, Michigan, gari lilianza kumfuata fundi badala ya fundi kulifuata gari, na muda wa kuunganisha chasisi ya Model T ukashuka kutoka saa 12 na nusu hadi dakika 93. Kanuni ikawa: tengeneza kitu kilekile, kwa wingi, bila kusimama. Kasoro zingeshughulikiwa mwishoni.

Lakini kwa nini lazima iwe kwa wingi? Jibu limo kwenye kalibu, kifaa kinachoipa bati umbo lake. Mashine kubwa za kukandamiza mabati hutumia kalibu moja kutoa mlango na nyingine kutoa boneti, na kuibadilisha kulichukua saa kadhaa, mashine ikiwa imelala. Kwa hiyo meneja aliona heri atoe milango maelfu kabla ya kuigusa tena. Kwenye karatasi, kila mlango ulikuwa na gharama ndogo. Ila milango hiyo ilitaka ghala, ikataka watu wa kuihamisha, ikafunga fedha. Na kama kalibu ilikuwa na hitilafu, iligunduliwa baadaye sana, mlango mbovu ukiwa umeshapata ndugu maelfu.

Toyota ya mwaka 1950 haikuwa na ubavu huo. Ilikuwa imebanwa na madeni hadi mwanzilishi wake, Kiichiro Toyoda, akajiuzulu, na soko la Japani lilitaka aina nyingi za magari, kila aina kwa idadi ndogo. Wengine waliuliza ni milango mingapi itoshe kufidia zile saa za kubadilisha kalibu. Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota, aliuliza kwa nini zipotee saa. Miaka ikapita, na kufikia takriban mwaka 1970, kwa msaada wa mshauri wa viwanda Shigeo Shingo, kazi ya saa nne kwenye mashine ya tani 1,000 ilifanyika kwa dakika tatu. Hawakununua miujiza: kila kilichoweza kuandaliwa mashine ikiwa bado inafanya kazi kiliandaliwa mapema.

Kalibu ikibadilika kirahisi, rundo la akiba halina kazi tena. Ohno akaiga supamaketi za Marekani, ambako rafu hujazwa kadiri wateja wanavyochukua. Kituo cha mbele kikitumia vipuri, kadi iitwayo kanban hurudi nyuma kuagiza vingine. Bila kadi, hakuna kutengeneza.

Hapo ndipo kamba inapoeleweka. Rundo huficha ubovu, maana kipuri kibaya hutupwa na kingine kuchukuliwa. Rundo lisipokuwepo, kasoro haina pa kujificha, na ni nafuu kusimama sasa. Wazo hilo lilikuwa la ukoo: Sakichi, baba yake Kiichiro, alikuwa ameshaunda mtambo wa kufuma uliosimama wenyewe uzi ukikatika.

Mwaka 1988 John Krafcik, mtafiti wa chuo kikuu cha MIT cha Marekani, aliupa mfumo huu jina la Kiingereza "lean", lenye maana ya "uliokonda". Nadhani jina hilo limeuponza, kwani wakubwa wengi hulisikia na kukimbilia kupunguza watu. Mtu anayehofia kufukuzwa hawezi kuivuta ile kamba.

Kukonda kuna gharama yake pia. Februari 1997 moto uliteketeza kiwanda cha Aisin kilichotengeneza karibu vali zote za breki za Toyota, na ndani ya siku chache karibu mistari yote ya Toyota nchini Japani ikasimama. Baada ya tetemeko la ardhi la Japani la mwaka 2011, kampuni iliamua kwamba chipu, ambazo huchukua muda mrefu kutengenezwa, ziwekewe akiba ya miezi kadhaa kwa wanaoiuzia vipuri. Uhaba wa chipu ulipozikumba kampuni za magari mwanzoni mwa 2021, Toyota, iliyoufundisha ulimwengu kuogopa ghala, ndiyo iliyokuwa na akiba, ikaendelea kuunda magari kwa miezi kadhaa wakati washindani wake wakifunga mistari.