Stamina ya bondia: akimbie kiasi gani, anyanyue vyuma kiasi gani

Stamina ya bondia ni uwezo wa kurusha ngumi za raundi ya mwisho zikiwa na uzito unaokaribia ule wa zile za raundi ya kwanza, huku macho bado yanaona na miguu bado inatii. Wengi huiita pumzi tu. Mtu akiishiwa nayo ulingoni, watazamaji hujua mapema: mikono inashuka, mdomo unabaki wazi, anaanza kumkumbatia mpinzani kila akikaribiwa.

Kwetu Kenya dhana hii huchanganywa na riadha, kwa kuwa tumezoea kwamba mwenye pumzi ni mkimbiaji. Lakini Eliud Kipchoge alipomaliza marathoni kwa saa 1:59:40 kule Vienna mwaka 2019, kazi yake ilikuwa kushika mwendo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Bondia hana mwendo mmoja. Anazunguka, ananyemelea, kisha kwa sekunde tatu nne anafyatua ngumi kwa nguvu zote, anarudi nyuma, anashikwa, wanasukumana, anafyatua tena. Dakika tatu za hivyo, dakika moja ya kukaa kwenye kiti, halafu kengele.

Hebu hesabu muda wenyewe. Pambano la ridhaa la raundi tatu za dakika tatu ni dakika 11 ukijumlisha na mapumziko. Pambano la ubingwa wa dunia kwa wanaume wa kulipwa, raundi 12, ni dakika 47. Zamani lilikuwa la raundi 15, mpaka WBC, Baraza la Ndondi Duniani, ilipopunguza baada ya kifo cha Duk Koo Kim wa Korea Kusini, aliyepigana na Ray Mancini Novemba 1982. Desturi ya kukimbia masafa marefu kila alfajiri ilikomaa enzi hizo za mapambano marefu. Kijana wa Majengo au Kisauni hapa Mombasa anayejiandaa kwa dakika 11 huirithi kama ilivyo, na hakuna anayemuuliza kilomita 15 za kila siku zitamsaidia nini.

Zitamsaidia kidogo, ila si zote. Mwili hupata nguvu kwa njia tatu. Ya kwanza ni akiba iliyomo ndani ya msuli wenyewe: kali sana, lakini haivuki sekunde kumi hivi. Ya pili huvunja sukari bila kungoja oksijeni, na ndiyo inayofanya kazi mabega yanapowaka moto mwishoni mwa raundi. Ya tatu hutegemea oksijeni. Ni ya polepole, lakini hudumu, na ndiyo inayoirudisha akiba ya kwanza katika ile dakika ya kwenye kona. Kwa hiyo mbio za taratibu zina faida hata kwa mtu ambaye hapigani taratibu. Moyo unajifunza kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, mishipa midogo inaongezeka kwenye misuli, na bondia anainuka kitini akiwa amerudi hali yake.

Mfano mzuri wa kukosa kitu hiki ni George Foreman, bondia wa uzito wa juu wa Marekani. Alikuwa amemwangusha Joe Frazier katika raundi ya pili Januari 1973, na Ken Norton vilevile katika raundi ya pili mwaka uliofuata. Nguvu zilikuwepo, tena za kutisha. Lakini Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali alijiegemeza kwenye kamba akamwacha Foreman apige, naye akapiga mikono na mabega tu, katika joto na unyevu unaofanana sana na wetu wa Pwani. Kufika raundi ya nane Foreman alikuwa hana kitu, akaanguka.

Sasa kiasi. Kwa bondia wa ridhaa, mimi naona kukimbia mara tatu au nne kwa wiki kunatosha. Mara mbili ziwe za taratibu, dakika 30 hadi 45, kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Ukishindwa kuzungumza, punguza, hata kama mwenzako anakupita. Mara moja au mbili zilizobaki ziwe za kasi zinazofuata saa ya ulingo: kimbia kwa nguvu dakika tatu, pumzika moja, rudia mara nne hadi sita. Zikikaribia siku za pambano, fupisha zaidi: sekunde kumi hadi ishirini kwa kasi yote, kisha tembea mpaka pumzi irudi. Mombasa ni tambarare, vilima vya kukimbilia ni adimu, kwa hiyo ngazi za jengo refu hufanya kazi hiyo vizuri.

Na hapa lazima tuseme habari ya joto, maana ratiba nyingi zimeandikwa na watu wa nchi za baridi. Jasho hupoza mwili linapokauka juu ya ngozi. Hewa yetu ikishajaa unyevu, hasa wakati wa kaskazi, jasho hudondoka tu. Moyo unalazimika kugawa damu baina ya misuli na ngozi, na mwendo uliokuwa mwepesi mwezi wa Julai unakuwa mzito mwezi wa Machi. Usifuate saa, fuata pumzi. Kimbia baada ya swala ya alfajiri, jua halijachomoza Mama Ngina. Jipime uzito kabla na baada: kila kilo iliyopungua ni kama lita moja ya maji unayodaiwa. Anayevaa nailoni au majaketi mawili ili ashushe uzito kwa mbio katika hewa hii anacheza na maisha yake. Na yule kocha anayemwamrisha hivyo mimi simwelewi.

Ufukweni Bamburi ni pazuri, ila subiri maji yapwe. Mchanga mgumu wenye unyevu unakanyagika. Ule mkavu wa juu huvuta kano ya kisigino, na mgeni akiukimbilia siku ya kwanza atachechemea kwa wiki. Ufuo pia umeinama upande mmoja, basi nenda na urudi, miguu yote ipate zamu.

Upande wa vyuma kuna hofu ya zamani kwamba vinamfanya bondia awe mzito. Hofu ina chembe ya ukweli: anayejenga misuli kama mtunisha misuli atapanda uzani na kukutana na watu wakubwa kuliko yeye. Lakini nguvu na unene ni mambo mawili. Ngumi huanzia kwenye unyayo, hupita nyonga na kiwiliwili, ndipo ifike begani. Basi fanyia kazi miguu, nyonga na mgongo kabla ya kifua. Mara mbili kwa wiki, chini ya saa moja, mazoezi manne au matano: kuchuchumaa na uzito, kunyanyua kutoka chini, kujivuta juu ya chuma, kusukuma, na kitu cha kulipuka kama kuruka au kurusha mpira mzito ukutani. Uzito uwe wa kukuwezesha kurudia mara tatu hadi sita tu, halafu upumzike dakika mbili au zaidi. Pushapu mia mbili mfululizo hujenga uvumilivu wa mikono, ambao begi la kupigia ngumi na kuruka kamba vinaujenga tayari. Shingo isisahaulike, dakika chache za kuifanyia kazi mwisho wa zoezi zinatosha.

Asiye na jimu ajaze mchanga kwenye gunia. Na kijana anayesukuma mkokoteni soko la Kongowea tangu asubuhi tayari amefanya kazi ya nguvu siku hiyo. Kumwongezea vyuma jioni ni kumchosha bure. Huyo mpe kamba, kivuli (kurusha ngumi hewani bila mpinzani) na mbinu.

Mpangilio una uzito kuliko wingi. Vyuma vya miguu visikae siku moja kabla ya spaa, yaani mazoezi ya kupigana na mwenzako, na mbio za kasi zisifuatane siku mbili. Mwezi wa Ramadhani, mwenye kufunga apeleke mazoezi makali baada ya tarawehe, abakishe mbio fupi za taratibu karibu na magharibi, na apunguze jumla yote. Stamina iliyojengwa haipotei kwa kupunguziwa mwezi mmoja.

Wiki ya mwisho kabla ya pambano, punguza kilomita zako ziwe nusu, acha vyuma vizito siku tano kabla, bakiza mbio chache fupi za kasi ili miguu isilale. Siku mbili za mwisho ni kamba nyepesi na kivuli tu.